Mstari Ulioandikwa Yangu

6 Februari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, ukiacha yale ya kila siku. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata jua yanatulia. Sikio la kushoto sasa halisikii kabisa, na la kulia linasikia linapotaka. Juzi mteja alisimama mbele yake akiuliza kama tunatoa kopi pande mbili. Mama akampa kiti, akamkaribisha vizuri sana, na swali likabaki hapohapo.

Wewe na mashine zako za chuo mnaendeleaje? Mama anauliza kama umenenepa. Nimemwambia sijui, maana simu zangu unazipokea ukiwa unatembea na unazikata ukiwa bado unatembea.

Ndiyo sababu nimeandika. Utacheka, barua zama hizi. Lakini kwenye simu mama akijua ni wewe ananinyang'anya, anakuuliza habari za kaka yako, unasema hujui, anaanza kulia, na langu nililotaka kusema linaishia hapo. Tena hili ni jambo la kuelekezwa hatua kwa hatua. Nahitaji karatasi ya kuweka kando ya kibodi.

Ni ile kompyuta ya dukani. Unakumbuka kaka yako aliigawa mara mbili, upande mmoja wake na upande mmoja wa kazi zangu za kuchapa. Ukiiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, kioo kinakuwa cheusi na inatokea mistari miwili ya maandishi meupe. Wa juu umeandikwa Yangu. Wa chini umeandikwa Ya Kazi. Aliandika hivyo mwenyewe. Chini yake kuna namba inayohesabu kurudi nyuma kutoka thelathini. Nisipobonyeza mshale wa kushuka kabla haijafika sifuri, mashine inaingia Yangu, na huko inataka nenosiri lake, ambalo sina. Inabidi niizime na kuanza upya.

Huu ni mwaka wa tatu nafanya hivyo. Aliondoka akisema anafuata vipuri, siku tatu. Alipiga simu wiki mbili, kisha namba ikawa haipatikani. Umetafuta, nimetafuta, polisi wameandika kwenye daftari lao. Hayo tumeshayaongea mpaka yameisha utamu. Ninachosema ni kwamba umeme hapa unakatika mara nne kwa siku, na kila ukirudi naacha nilichoshika, nakuja kukaa mbele ya lile neno, nalinda zile sekunde. Nimechoka, shemeji. Nataka ule mstari uondoke. Mashine iwake, niingie kazini, basi.

Kuna na jambo jingine. Kiwanda cha uchapaji katika mji anaoishi dada yangu kinatafuta mpangaji wa kurasa za vitabu, na dada amenitaja. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili. Kazi ni ya kudumu na umeme wao haukatiki. Ila chumba wanachotoa ni cha kitanda kimoja, kwa hiyo nikienda itabidi mama aje kwako. Sasa nitakwendaje hali mume wangu hajulikani alipo? Arudi akute mlango una kufuli? Nishauri na hili.

Shemeji yako.


27 Februari

Shemeji mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mimi mzima. Mwambie mama sijanenepa, nimepungua kidogo, na asiwe na wasiwasi. Kazi ni zilezile. Chuo kina kompyuta mia moja na ishirini, na kila moja ina ugonjwa wake. Wiki iliyopita mwanafunzi alimwagia kibodi soda, akaipanguza kwa maji ya sabuni ili isinate. Aliniletea ikiwa inanukia vizuri.

Pole na umeme. Kuhusu ule mstari, ushauri wangu ni kuuacha. Mstari mmoja haumdhuru mtu. Sehemu ile ya mashine ukiigusa vibaya inaweza isiwake kabisa, na kwako hakuna fundi wa karibu. Jizoeze tu kusimama hapohapo unapoiwasha. Kubonyeza mshale mara moja si kazi kubwa.

Kuhusu kiwanda, nakuomba usubiri. Kaka anaweza kurudi siku yoyote, na unamjua alivyo, akikuta umeondoka ataumia. Mama naye kwa umri wake kumhamisha ni kumtesa. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja, ngazi hazina hata pa kushika. Hapo alipo ameshazoea mkono wako.

Kuhusu kaka sina jipya la kukuambia.

Msalimie mama sana.

Shemeji yako.


15 Machi

Shemeji,

Hatujambo. Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Dirisha la chumba chake lilikuwa halifungi, nimeligongea kipande cha mbao, sasa halifunguki.

Nikusimulie ya juzi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniletea mitihani ya madarasa matatu, karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na wanafunzi walikuwa wanaanza kesho yake saa mbili. Nimechapa tangu asubuhi. Saa tisa umeme ukakatika. Nilikuwa nahifadhi kila baada ya ukurasa, kwa hiyo sikuhofu. Ulipotaka kurudi mama akaita, alikuwa anatoka bafuni na taulo limemponyoka, nikakimbia kumshika. Kumbe umeme umerudi, mashine imejiwasha, imehesabu sekunde zake thelathini na kuingia Yangu. Mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, akadhani ananisaidia. Akaketi akaanza kujaribu nenosiri. Alijaribu jina la shule, jina la duka na siku ya uhuru. Nilipofika mashine imemfungia, inasema asubiri. Nikaizima, nikaiwasha, na ile namba ikahesabu tena, na katikati umeme ukakatika tena. Alichukua karatasi zake akaenda kwa mchapaji wa ng'ambo ya barabara. Hakunilaumu. Alinipa pole, na pole yake ndiyo iliyoniuma.

Unaniambia mstari haumdhuru mtu. Wewe hukai nao. Mimi sikuomba ushauri wa kusimama hapohapo, hapo nimeshasimama sana. Niliomba njia. Kama kuna hatari nieleze hatari yake na njia yake, nitaifanya polepole. Mimi nimechapa vitabu vya watu vyenye hesabu za ujenzi, sakafu mpaka paa, na sikuacha hata nukta moja. Sitashindwa kufuata hatua za shemeji yangu.

Kuhusu kiwanda bado sijajibu. Dada anauliza kila wiki. Nimemwambia nasubiri neno kutoka kwako.

Shemeji yako.


20 Aprili

Shemeji mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani ya chuo, kisha nilipata homa, kisha nilisafiri. Natumaini mama hajambo na wewe pia. Habari ya mwalimu mkuu imenisikitisha.

Hatua ni hizi. Ingia Ya Kazi kama kawaida. Shika kitufe chenye alama ya dirisha, kilicho chini kushoto kwenye kibodi, na ukiwa umekishika bonyeza herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika msconfig, herufi zote ndogo, bila kuacha nafasi, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye vichwa kadhaa kwa juu. Bofya kile kilichoandikwa Boot, na utaiona mistari yako miwili.

Sasa usiikimbilie Yangu. Hiyo ndiyo iliyoteuliwa kuwa ya kwanza, na mashine haikubali kuifuta iliyoteuliwa. Bofya kwanza Ya Kazi, kisha kile kitufe kirefu cha kuiteua. Ya Kazi ikishakuwa ya kwanza ndipo uibofye Yangu, ubonyeze Delete, kisha OK. Izime, iwashe. Haitauliza tena.

Ujue kwamba hapo unafuta jina tu kwenye orodha. Vitu vyake vyote vitabaki ndani, ila hakutakuwa na mlango wa kuviendea.

Tatizo ni moja. Kabla ya lile dirisha kufunguka, mashine itataka nenosiri la mkuu wa mashine. Hilo analijua kaka peke yake. Mimi hakuwahi kuniambia, na kulikisia ni kupoteza muda. Kwa hiyo ukikwama hapo, shemeji, achana nayo. Utakuwa umejaribu.

Kuhusu kiwanda msimamo wangu ni uleule.

Shemeji yako.


2 Mei

Shemeji,

Salamu. Leo habari za nyumbani si nzuri. Mama ameanguka. Aliteleza mlangoni mwa jikoni, akaangukia nyonga. Daktari anasema mfupa una ufa, haukuvunjika, alale wiki sita asikanyage. Nimehamishia kitanda chake dukani nyuma ya pazia, ili nichape huku namsikia. Namgeuza kila baada ya saa mbili. Hapendi nimwoshe, anafunga macho nikimwosha, kisha ananishukuru kama mtu aliyetembelewa na mgeni. Usije mbio, huna utakalofanya. Nimekuandikia ujue.

Nilifuata hatua zako, karatasi kando ya kibodi kama nilivyosema. Zilikuwa nzuri, hazina neno la ziada. Na mashine ikaomba nenosiri kama ulivyosema. Nilijaribu jina langu kwanza. Zamani ndilo lililokuwa nenosiri lake, aliniambia mwenyewe mwaka tuliooana, akiwa anajisifu. Halikukubali, na hilo nilikuwa nalijua, maana wiki ile aliyoondoka nilimwona akilibadilisha. Nilijaribu tu. Kisha nikajaribu jina la mama, tarehe ya ndoa, jina la duka. Nikahisi najidhalilisha, nikazima.

Mama kutoka kitandani akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia kwa sauti. Akasema nisiufute, mwanawe akirudi akakuta hamna mahali pake atadhani tumemfukuza. Nimechoka kujibu mambo ya mtu ambaye hayupo.

Nafasi ya kiwanda nimeiachia. Nimewaandikia mwisho wa mwezi kwamba mume wangu yuko safarini na mkwe wangu mgonjwa. La pili ni kweli tupu. La kwanza nililiandika nikaliangalia muda mrefu, sikujua niweke neno gani badala yake.

Niambie tu kama kuna njia nyingine bila nenosiri. Kama haipo, sema haipo, nikae nikijua.

Shemeji yako.


11 Juni

Shemeji,

Pole sana na mama, na pole na wewe. Nilipoisoma barua yako nilikosa raha siku nzima. Sikujibu mapema kwa sababu sikujua niseme nini.

Kuhusu nenosiri, nimekaa nikakumbuka kwamba kaka aliwahi kulitaja. Nimeliandika kwenye kipande cha karatasi nilichokunja humu ndani. Herufi ya kwanza ni kubwa, tarakimu mbili ziko mwishoni. Jaribu hilo.

Msalimie mama. Mwambie nitakuja akipata nafuu.

Shemeji yako.


19 Juni

Shemeji,

Leo sina salamu.

Limekubali mara ya kwanza.

Aprili uliniandikia kwamba analijua yeye peke yake na hakuwahi kukuambia. Barua ninayo, iko kando ya kibodi, ina doa la chai ya mama. Juni umekumbuka. Mtu hakumbuki alichokuwa hajaambiwa. Na nenosiri lenyewe alilibadilisha wiki ile aliyoondoka, na tangu hapo, kwa maneno yako wewe, hujasikia sauti yake.

Tena ni jina la kike. Si langu, si la mama, na kwenu hakuna dada.

Lile dirisha limefunguka na mistari yote miwili naiona. Ya Kazi nimeshaiteua. Nimeibofya Yangu. Kitufe cha kufuta kiko hapa chini ya kidole changu na sijakibonyeza, kwa sababu kwa miaka hii yote nilikuwa nahofia kumfutia mahali mtu aliyepatwa na jambo baya. Sasa nataka kujua namfutia nani.

Nakuuliza maswali mawili. Ulimuuliza lini? Na huyo mwenye jina ni nani?

Usiniandikie habari za homa wala za safari.


30 Juni

Shemeji,

Nilimuuliza tarehe nne Juni, jioni, kibandani kwake. Mwenye jina ni mwanamke anayeishi naye. Wana mtoto wa miaka miwili.

Yuko hapa. Mitaa miwili kutoka ninapolala, nyuma ya kinyozi, anatengeneza kompyuta na simu. Nilimkuta mwaka juzi kwenye duka la vipuri. Nilikuwa bado natembea na picha yake ndani ya pochi, ile uliyonipa nionyeshe hospitalini. Nilimwona kwa mgongo, ameshika waya, anabishana na muuzaji. Nilifurahi, nikaanza kumkimbilia. Kisha nikamwona yule mwanamke na tumbo lake.

Aliniapisha nisiseme. Alisema atakuandikia mwenyewe akipata maneno. Kila mwezi alikuwa hajayapata. Mimi nikawa nampa muda, na kila nilivyompa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwangu kusema, kwa sababu ningeulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo.

Lakini hilo si lote, na kwa kuwa nimeanza nitalimaliza. Sikunyamaza kwa ajili yake. Nilinyamaza kwa ajili yangu. Ulipoandika kwamba ukienda kiwandani mama atakuja kwangu, niliogopa. Nilizihesabu ngazi. Nilifikiria kumwosha, kumpikia, kurudi kazini mchana kumwangalia. Nikaona kwamba wewe ukiwa unasubiri, mama ana mtu. Ukijua, utaondoka, na ni haki yako. Kwa hiyo nilikuandikia kwamba kaka anaweza kurudi siku yoyote. Nilipoandika hivyo nilikuwa nimetoka kula naye.

Hata kuhusu ule mstari nilikuzungusha kwa sababu hiyohiyo. Niliona siku ukiufuta hutakuwa na sababu ya kukaa.

Nenosiri alinipa jioni hiyohiyo, nilipomwomba mara ya tatu. Alisema ukilisoma tu utaelewa. Nilijua hivyo pia, ndiyo maana nilikuletea. Sikuwa na ubavu wa kuandika maneno haya, nikaona mashine ikuambie kwa niaba yangu. Ni aibu, najua.

Sijui nikuombe nini. Nafasi ya kiwanda nimekupotezea mimi.

Shemeji yako, kama bado.


28 Julai

Shemeji,

Barua yako ilifika tarehe tisa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya kuchapa.

Nilichapa barua yako. Mama haambiwi kitu kwa siri, ukimnong'oneza anakuomba urudie, na ukirudia kwa sauti anayoisikia mtaa mzima unakuwa umepata habari. Macho yake lakini ni mazima, mradi herufi ziwe kubwa. Nikakaa kwenye mashine nikaichapa yote, neno kwa neno, herufi za ukubwa wa vidole. Nilipofika pale ulipozihesabu ngazi nilitaka kupunguza. Sikupunguza. Kazi za watu sijawahi kuzipunguza. Zilitoka karatasi kumi na tisa. Nikampa miwani yake na mto wa mgongoni, nikamwekea karatasi mapajani, nikatoka kwenda kukaa nje kwenye ngazi ya duka.

Alisoma tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Niliporudi alikuwa amezipanga vizuri, ukurasa wa kwanza juu. Hakulia. Aliniuliza kama mtoto wa kaka yako ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia hukuandika. Akazigonga zile karatasi kingo zikae sawa, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa kamba yako."

Nikamwambia si hivyo, mama. Akasema, "Ni hivyo, imeandikwa." Akanionyesha karatasi ya kumi na tatu.

Nilikuwa nimeshaamua nitakaa naye. Nataka ulijue hilo, usidhani nimemtupa. Nilimwambia mume ameondoka ila mama hakuondoka, tutaendelea hivihivi. Akakataa. Tumebishana siku nne, yeye akiwa amelala na mimi nikiwa nimesimama. Anasema amekula jasho langu akidhani ananisaidia kumngojea mume, kumbe alikuwa mlinzi wa kunifungia. Anasema ana watoto wawili wa kiume, na kwao hapatakosa pa kuweka kitanda chake. Siku ya tano alianza kukunja nguo zake mwenyewe, akiwa kitandani, moja moja, na kila anayoikunja anaiweka upande wa mbali nami. Hapo nikakubali. Nililia mimi.

Jioni ile tuliufuta mstari. Nilikuwa sijaugusa tangu nilipoishia hapo Juni. Aliniomba nimkalishe kwenye kiti changu chenye magurudumu, nimsogeze mpaka mezani, akataka kuona. Nikamwonyesha. Akaniuliza, "Hili ndilo jina lake?" Nikasema hapana mama, hili ni neno tu, limeandikwa Yangu. Akasema, "Yake nini? Kuna nini humo cha kwake?" Nikabonyeza Delete, nikabonyeza OK. Mashine ikazima, ikawaka, ikaingia kazini moja kwa moja. Nilitazamia nitahisi kitu kikubwa. Nilihisi kama mtu aliyetua ndoo, mabega yanauma zaidi ikishatua.

Kiwandani niliandika tena. Wamejibu kwamba nafasi ile imeshapata mtu, ila wanahitaji msomaji wa chapa za kwanza, wa kukagua makosa, kazi ya miezi mitatu, wataona baadaye. Nimekubali. Naanza Septemba. Kaka yako mwambie asiniandikie. Kama anataka talaka iwe ya kisheria alete karatasi kwa wakili, nitatia sahihi, sitaisoma mara mbili.

Sasa kuhusu mama, na hapa uweke karatasi hii kando yako kama nilivyoweka ya kwako. Uje Jumamosi ya tatu ya Agosti, na gari ambalo kiti chake kinalala, nyonga bado. Umeshatafuta chumba cha chini, au utatafuta, mimi ngazi zako sitaki kuzisikia. Anaoshwa kwa maji ya vuguvugu, kuanzia miguuni, usimwanzie kichwani anashtuka. Anageuzwa kwa kushikwa begani na kwenye goti, usimvute mkono. Baridi hasemi. Mwekee blanketi la pili bila kumuuliza, ukimuuliza atasema halihitajiki. Dawa ya maumivu anaificha chini ya ulimi ili ibaki ya kesho, kwa hiyo zungumza naye mpaka uone amemeza. Chai usimjazie kikombe, mkono unatetemeka na anaona aibu ikimwagika. Akikushukuru kama mgeni usijibu kama mgeni. Miezi ya kwanza utachoka mpaka uchukie, kisha utazoea, na siku moja utajikuta unamwitikia kabla hajakuita. Mimi imenichukua miaka kumi na mmoja kuyajua haya. Wewe ni mwanawe, labda utayajua haraka.

Jingine moja. Ukifika usiingie kimyakimya. Kitanda chake kinaangalia mlango, na hakusikii ukibisha, anachoona ni pazia kusogea. Simama hapohapo, sema kwa nguvu kwamba ni wewe, mdogo, ndipo uingie. Maana kila pazia linaposogea, pamoja na zile karatasi kumi na tisa alizozisoma, bado ananyanyua kichwa kumtazama yule mwingine.

Mkwe wa mama yako.